Kijani chenye vumbi: maswali yenu kuhusu kuchora mimea ya nyika

Barua za safari hii zimetoka zaidi Arusha na Moshi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mimea ya nchi kavu, yaani mishubiri, minyaa, migunga, mikonge na jamaa zao, na namna ya kuichora ikatoka jinsi ilivyo. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Shikamooni wahariri. Mimi huchora picha za kuuzia wageni. Miaka yote ni tembo, twiga na Wamasai watatu wakielekea machweo. Nimechoka, na naona hata wanunuzi wamechoka. Nimeona picha za wachoraji wa Marekani waliochora mimea ya jangwani, zikanikaa kichwani. Lakini sisi hatuna jangwa. Nianzie wapi? (Mchoraji, Sakina, Arusha)

JIBU: Marahaba. Jangwa hatuna, lakini ukame tunao, tena karibu. Meru na Kilimanjaro hunyeshewa zaidi upande wa kusini na mashariki; kaskazini na magharibi hupata masazo. Ndiyo maana ukishika barabara ya Namanga, ukishapita Oldonyo Sambu migomba imekwisha na migunga imeshika nchi mpaka Longido. Barabara ya kwenda Makuyuni nayo, ukishaiacha Kisongo, ni hivyo hivyo. Walioko Moshi wana tambarare ya kati ya Boma Ng'ombe na uwanja wa ndege wa KIA, au wateremke kuelekea Mwanga na Same. Nauli ikiwa shida, tembea mtaani kwako: ua wa mnyaa hauko mbali, na vitalu vya maua vya kando ya barabara vinauza waridi la jangwani kwenye makopo na ndoo zilizotoboka.

Huyo wa Marekani unayemfikiria huenda ni Georgia O'Keeffe, aliyezaliwa 1887 na kufariki 1986. Alianza kufanya kazi New Mexico mwaka 1929, akahamia huko moja kwa moja 1949. Moja ya picha zake maarufu, ya mwaka 1932, ni ua la mnanaha. Ndiyo, mnanaha, ndugu wa huu unaoota kwenye majalala yetu na ambao watoto hukatazwa kuugusa. Ua moja jeupe limejaza turubai ya sentimita 122 kwa 102. Mwaka 2014 picha hiyo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 44.4. Bei tuiache, tazama kipimo. Nyuma ya ua hakuna mlima, pembeni hakuna mtu. Mchoraji wa tembo amezoea mmea uwe pambo la kuzibia pembe ya picha. Hapa pambo ndilo mwenye nyumba.

Kwa hiyo chagua mmea mmoja, kaa nao wiki tatu. Kabla ya rangi, chora michoro kumi ya penseli. Miwili ya umbo zima, dakika tano kila mmoja. Mitatu ya mahali jani linapoungana na shina, kwa ukubwa wake halisi. Mitatu ya ncha na kingo. Miwili ya mwisho iwe ya vivuli peke yake, bila mstari wa nje. Kwa kawaida michoro minne ya kwanza hutoka kichwani: mkono unachora mmea unaoukumbuka. Kuanzia wa tano au wa sita jicho huanza kuongoza.

Nenda saa 12 na nusu asubuhi, ondoka saa 2 na nusu. Au nenda saa 10 jioni ukae mpaka jua lizame. Tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na saa 6 mchana jua liko utosini; kivuli chote kimeingia chini ya mmea, na mbavu za shina zinaonekana kama ukuta uliopakwa rangi moja.

Na ukiwa umekaa mbele yake, jiulize swali moja: maji yake ameyaweka wapi, na anayazuiaje yasitoroke? Umbo lote ni jibu la swali hilo. Waridi la jangwani limeyahifadhi kwenye kitako kilichovimba. Mnyaa umeacha majani, shina likafanya kazi ya jani. Mgunga umelikata jani vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Chukua oldupai, ule mkonge pori ambao Wamasai wameupa jina hilo na bonde la Olduvai likaitwa kwa jina lake. Majani yamejipanga safu mbili zinazotazamana, kama kiganja kilichokunjuliwa. Kila jani ni nene na la mviringo, kwa kuwa kitu cha mviringo hulionyesha jua ngozi ndogo kuliko kitu bapa chenye ujazo uleule. Upande wa juu kuna mfereji, na kingo za mfereji zina mstari wa kahawia-nyekundu uliopakana na uzi mweupe mwembamba kama karatasi. Ncha ni ngumu kama sindano ya kushonea magunia. Ukichora jani bapa kisha ukauweka mfereji kama mstari wa katikati, umeshachora mkonge wa shambani. Anza na mviringo, halafu uchimbe mfereji kwa kivuli.

SWALI: Nilivunja tawi la mnyaa nikalichore nyumbani. Maziwa yake yakaniruka jichoni, likawaka na kuvimba. Je, kuna dawa ya nyumbani? (Msomaji, Pasua, Moshi)

JIBU: Hakuna, na tafadhali usijaribu maziwa ya mama, sukari wala majani ya kusaga. Utomvu wa mnyaa, na wa ile eforbia kubwa yenye matawi kama kinara cha mishumaa, huunguza konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa. Kinachotakiwa ni maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, dakika 15 hadi 20 bila kuacha, kisha hospitali yenye kitengo cha macho siku hiyo hiyo. Kwa Moshi, KCMC wanacho. Kama jicho bado ni jekundu au unaona ukungu, nenda leo.

Safari nyingine usivunje. Mnyaa uchorwe ukiwa umesimama. Ukilazimika kukata, vaa miwani na glavu, geuza uso, nyunyizia maji kwenye jeraha la tawi mpaka maziwa yaache kutoka, na uoshe kisu kwa sabuni kabla hujachongea penseli. Wengi huumia hapo pa mwisho: utomvu hutoka kwenye kisu ukaja kidoleni, na kidole kikaenda jichoni. Waridi la jangwani nalo si la kuchezea, utomvu wake una sumu ya moyo na umetumika tangu zamani kwenye mishale.

SWALI: Mishubiri yangu inatoka kama sukuma wiki. Nanunua kijani kizuri cha tyubu, naongeza nyeupe, lakini wapi. Kosa liko wapi? (Mama wa Njiro, Arusha)

JIBU: Mama, kosa liko kwenye tyubu ya kijani. Sukuma wiki ni jani laini lenye maji mengi, na kijani chake kinafika jichoni moja kwa moja. Mshubiri umevaa nta. Fanya jaribio hili: papasa jani la mshubiri kwa kidole gumba. Unga wa kijivu-buluu utatoka, na chini yake utaona kijani kibichi kinachong'aa. Huo unga ni chembechembe za nta zinazorudisha mwanga wa jua usiukaushe mmea. Unachotakiwa kuchora ni tabaka mbili, na wewe umechora moja.

Kwa akriliki au rangi za mafuta, changanya tabaka la chini kwa buluu ya altramarini sehemu 3, oka ya njano sehemu 2, na siena iliyochomwa kiasi cha punje ya harage. Hiki ni kijani kizito na cha udongo kidogo. Paka jani zima, kivuli kikiwa kizito zaidi, acha likauke kabisa. Kisha tengeneza rangi ya nta: nyeupe ya titaniamu sehemu 6, altramarini sehemu 1, na tone la lile tabaka la chini ili zisigombane. Chukua brashi ya manyoya magumu, iguse rangi hiyo, halafu uifute kwenye kitambaa mpaka idhaniwe ni kavu. Sasa ipitishe juu ya jani kwa mkono mwepesi, kutoka kwenye kitako kwenda kwenye ncha. Nta ishike kwenye migongo na iache mabonde. Pale majani mawili yanapogusana na kusuguana usipake kabisa. Nta huwa imefutika, na kijani cha chini kinachungulia. Hicho kipande kidogo kinachochungulia ndicho kitakachomfanya mtu aamini jani lako.

Kwa rangi za maji huwezi kupaka nyeupe juu, kwa hiyo unageuza mpangilio: anza na mpako mwepesi wa buluu-kijivu jani zima, acha ukauke, kisha ingiza kijani kwenye mabonde, kwenye kivuli na kwenye msuguano tu.

Mambo mawili zaidi. La kwanza, mshubiri uliokaa muda bila mvua hubadilika rangi kuanzia kwenye ncha, ukawa wa shaba au zambarau iliyochujuka. Januari na Februari utaukuta hivyo. Usiurudishe kwenye kijani kwa sababu unajua mshubiri ni wa kijani. Weka siena iliyochomwa na kidogo cha nyekundu kwenye theluthi ya juu ya jani, ukiififisha kuelekea chini. La pili ni vumbi. Mmea wa kando ya barabara ya udongo umefunikwa na wekundu, lakini upande wa juu peke yake. Yeyusha siena sehemu 1 kwa maji sehemu 10, upitishe juu ya nyuso zinazotazama mbingu na uache tumbo la jani safi. Ukipaka jani lote, utapata jani lililooza.

Nyeusi ya kutia giza kwenye kijani tunakushauri uiache, inaua rangi ikawa kama masizi. Ila ukichanganya nyeusi kidogo na njano utapata zaituni kavu inayofaa sana kwa majani ya mgunga.

SWALI: Nilichora kile kinachoitwa kaktasi nilichokiona Longido, mteja wa kigeni akaniambia kaktasi si ya Afrika. Ni kweli? Pia miiba yangu huonekana kama imebandikwa. (Kijana wa Majengo, Moshi)

JIBU: Mteja alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Jamii ya kaktasi asili yake ni Amerika. Mpungate, ule wenye vipande bapa kama maandazi yaliyobanwa, uliletwa. Hata mkonge wa mashambani uliletwa: asili yake ni Mexico, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche midogo 1,000 kutoka Florida kuja Tanga, iliyofika hai ikawa 62. Ulichokiona Longido, kama kilikuwa mti mrefu wenye matawi yaliyoinuka pamoja kama kinara, ni eforbia, na hiyo ni ya kwetu kabisa. Zimefanana na kaktasi kwa sababu zilipewa tatizo moja, zikapata jibu moja.

Kwa mchoraji tofauti iko kwenye miiba. Kwenye kaktasi miiba hutoka kwa mafungu, kila fungu kutoka kwenye kitundu kidogo chenye manyoya, na vitundu hivyo hupanda kwa mistari ya mzunguko. Kwenye eforbia miiba hukaa miwiliwili juu ya ukingo wa ubavu, kama jozi za pembe. Tawi la ile eforbia ya kinara lina mbavu 3 hadi 5, mara nyingi 4, na kila baada ya kipande limebanwa kama limefungwa kamba. Chora mabano hayo kwanza, mbavu ziyafuate, miiba mwishoni.

Mgunga wenye kichwa bapa kama mwavuli una miiba ya aina mbili kwenye tawi moja: mirefu iliyonyooka, myeupe, na mifupi iliyopinda kama ndoana. Ukichora mirefu tu, umechora nusu ya mti.

Sasa kwa nini miiba yako imebandikwa: kwa sababu unaivuta kutoka kwenye ncha kuja kwenye shina. Kwa brashi ndefu nyembamba, weka ncha ya brashi kwenye shina, bonyeza kidogo, vuta kwenda nje huku ukiinua. Kitako kinene, ncha kama unywele. Halafu kila mwiba unaotazama jua uupe kivuli chake juu ya shina, mstari mwembamba wa rangi ya shina iliyozidishwa giza, unaoanzia pale pale mwiba ulipoota. Mwiba usiogusana na kivuli chake huelea. Na usichore yote. Upande wa mwanga ichore mmoja mmoja, katikati iache michache, kwenye kivuli weka vitako tu.

Kwa rangi za maji, miiba myeupe inahitaji karatasi ibaki nyeupe. Gundi ya kuziba ya madukani ni nzuri ukiipata; ipake kwa kalamu ya nibu badala ya brashi, maana itakuharibia manyoya, na ibandue siku hiyo hiyo, la sivyo itang'oka na karatasi. Ukiikosa, tumia wembe mpya: rangi ikishakauka kabisa, kwangua kwa kona ya wembe kwa mkupuo mmoja. Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa sababu manila ya shule hutoboka. Ncha ya mshumaa pia huzuia rangi, ila huwezi kuiondoa tena, na mstari wake ni mnene. Inafaa kwa miiba ya mbali.

SWALI: Nikichora nje karibu na KIA, akriliki zinakauka kwenye paleti kabla sijaweka mpako wa pili. (Msomaji, Usa River)

JIBU: Chukua kontena bapa la chakula lenye kifuniko. Ndani weka sponji nyembamba au taulo iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea keki, na rangi juu ya karatasi. Unyevu hupanda kidogo kidogo, na ukifunga kifuniko rangi hulala mpaka kesho. Paleti ikae kivulini hata kama wewe uko juani. Dawa ya kuchelewesha ukaukaji isizidi sehemu 1 kwa 10 ya rangi, ukizidisha picha itanata wiki nzima na kila mdudu wa nyika atatua hapo. Vumbi likianguka kwenye rangi ya mafuta iliyo mbichi, usilifute. Acha ikauke, kisha lipanguse kwa brashi kavu.

SWALI: Shikamooni. Nafundisha sanaa sekondari. Rangi za maji ni ghali, na wanafunzi ni wengi. Nimesikia rangi hizo hutengenezwa kwa gundi ya mgunga. Tunaweza kujitengenezea? (Mwalimu, Himo)

JIBU: Marahaba mwalimu, swali hili limetufurahisha. Ni kweli: kinachoshikilia rangi za maji kwenye karatasi, hata zile za bei kubwa kutoka Ulaya, ni gundi ya mgunga. Inayosifika zaidi hutoka kwa mgunga ambao wengi wanauita kikwata, jina lake la kitaalamu Senegalia senegal. Utautambua kwa miiba mitatu mitatu: wa kati umepinda kuelekea chini, wa pembeni wawili wamepinda kuelekea juu. Gome likijeruhiwa hutoa matone yanayokauka kama shanga za rangi ya asali. Kwa hiyo darasa lako litachora mmea wa nyika kwa mmea wa nyika.

Gundi kwanza. Twanga matone makavu kwenye kinu mpaka yawe kama sukari. Pima gramu 50, mimina juu yake mililita 100 za maji ya moto yasiyochemka, koroga, funika, acha usiku kucha. Asubuhi chuja kwa soksi ndefu ya nailoni. Magome na mchanga vitabaki humo. Ongeza glisirini ya duka la dawa vijiko vya chai 2, asali kijiko cha chai 1, na mafuta ya karafuu matone 4. Glisirini huzuia rangi isipasuke, asali huifanya iyeyuke haraka ikiguswa na brashi yenye maji, karafuu huzuia ukungu. Bila karafuu, gundi itanuka ndani ya wiki.

Rangi sasa. Udongo mwekundu unao mlangoni. Weka kilo 1 kwenye ndoo ya lita 10, jaza maji, koroga kwa nguvu, hesabu mpaka 60. Mchanga utakuwa umezama. Mimina maji ya tope kwenye ndoo ya pili, mchanga uutupe. Rudia mara mbili. Iache ndoo ya mwisho itulie mpaka kesho yake, mwaga maji ya juu taratibu, anika tope kwenye bati. Likikauka, saga na upitishe kwenye kitambaa cha khanga iliyochakaa. Ukipata udongo wa njano, nusu yake ikaange kwenye kikaango cha zamani juu ya mkaa mkali, ukigeuza, mpaka iwe nyekundu. Chuma kilichomo kwenye udongo kilikuwa kimeshikana na maji. Moto unayatoa, rangi inageuka. Hivyo udongo mmoja unakupa rangi mbili. Nyeusi ipate kwenye mkaa uliosagwa mpaka ukawa kama poda. Unga wa betri za redio usiruhusu hata kidogo, una kemikali zinazodhuru ngozi na mapafu.

Kuchanganya: kijiko 1 cha unga wa rangi kwa kijiko 1 cha gundi, juu ya kioo au kigae laini. Saga kwa kitako cha chupa nzito, ukizungusha, angalau dakika 10. Hapa wanafunzi huchoka na kuacha mapema, na ndipo rangi inapokuwa ya chengachenga. Ikiwa laini kama maziwa mgando, ijaze kwenye vifuniko vya soda, iache ikauke siku 2 au 3, ongeza tabaka la pili kwa kuwa la kwanza hunywea.

Jaribu kila rangi kwenye kipande cha karatasi. Ikikauka na kutoka kidoleni kama chaki, gundi ni pungufu. Iking'aa na kupasuka kama tope la bwawa lililokauka, gundi imezidi. Ikinata, ni asali. Na usiku huo siafu na sisimizi watakuwa wameshaigundua. Kijani na buluu hutavipata kwenye udongo wa Himo. Nunua tyubu moja ya altramarini kwa darasa zima, ichanganywe na udongo wa njano: kijani kinachotoka ni kikavu na cha vumbi, kijani cha nyika chenyewe.

SWALI: Maji ya tunda la mpungate yana wekundu wa kupendeza sana. Nilipakia picha nzima, sasa baada ya miezi miwili ukutani imekuwa kama chai ya rangi. (Dada wa Soweto, Moshi)

JIBU: Pole dada. Wekundu wa tunda hilo ni rangi ya aina moja na ya kiazisukari chekundu cha saladi, nayo huvunjika kwa mwanga. Hakuna chumvi wala siki itakayoiokoa.

Kuna nyekundu nyingine ya mpungate iliyowahi kuwa mali kubwa: inatoka kwa mdudu mdogo anayeishi juu ya vipande vyake, kochinili, ambaye watu wa Mexico na Peru walimfuga kwa karne nyingi. Wadudu wakavu takriban 70,000 hutoa ratili moja. Hiyo inadumu kwenye kitambaa vizuri kiasi, lakini kwenye picha iliyo mahali penye jua nayo hufifia. Ukinunua tyubu, geuza usome herufi ndogo nyuma: NR4 ni hiyo ya mdudu, iache. PR101 ni nyekundu ya chuma, ndugu wa udongo wako mwenyewe, na haifi. PR254 ni nyekundu kali na imara.

Rangi yoyote usiyoiamini, paka ukanda wa karatasi, funika nusu kwa karatasi ya aluminiamu, ibandike dirishani panapoingia jua wiki nne. Funua ulinganishe. Na ukichuma matunda ya mpungate, yaviringishe kwanza kwenye mchanga kwa ufagio. Vile vimanyoya vyake visivyoonekana huingia vidoleni na kukaa siku nyingi.

SWALI: Naruhusiwa kung'oa mshubiri au waridi la jangwani hifadhini nikauchore nyumbani? Na nikimuuzia mgeni mmea pamoja na picha? (Msomaji, Mto wa Mbu)

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Ndani ya hifadhi ya taifa hutoi mmea wala sehemu yake. Nje ya hifadhi, mishubiri yote isipokuwa ule wa kupandwa unaoitwa aloe vera, pamoja na eforbia nene kama ile ya kinara, iko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama pori. Mgeni akikamatwa nayo uwanja wa ndege bila kibali itachukuliwa. Picha haihitaji kibali cha mkataba huo. Mmea wa kuchorea nyumbani nunua kwenye kitalu kinachootesha miche yake, uuweke dirisha la mashariki, umwagilie udongo ukishakauka kabisa. Waridi la jangwani likimwagiliwa kila siku kitako huoza, na utajua kwa kukibonyeza: kizima ni kigumu kama kiazi, kilichooza kinabonyea.

Ukitaka kujua umechora nini hasa, Arusha mna bahati: hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, herbaria, iko Ngaramtoni. Mimea minene ndiyo inayowasumbua zaidi watunza herbaria, kwa kuwa haikubali kubanwa ikakauka. Hukatwa vipande na kuuliwa kwa maji ya moto kwanza, na umbo lake hupotea. Ndiyo sababu mwaka 1799 mtaalamu de Candolle na mchoraji Redouté walianza kutoa huko Paris michoro ya rangi ya mimea hii peke yake. Mchoro wako unaweza kusaidia utambuzi ukiwa na haya: ua moja lililokatwa katikati kwa urefu, jani zima na mkato wake, mpangilio wa miiba, rula ya sentimita 10 iliyochorwa pembeni, tarehe, na jina la mahali. Kwa mishubiri andika pia maua yanatazama wapi kwenye tawi, kwa sababu uko mmoja wa kwetu, Aloe secundiflora, ambao maua yake yote hugeukia upande mmoja. Penseli iwe 2H ili mistari isichafuke njiani, na karatasi uibebe ikiwa bapa, usiiviringishe.